Bunduki ya Bomba la Maji: Je, Tuziteketeze Zote?



Muhula wa pili chama chetu kilikuwa na mjadala mkali. Mada ilikuwa, "Silaha zote kuukuu ziteketezwe." Mimi nilipangwa upande wa kupinga na, kusema kweli, tulishindwa vibaya. Upande wa pili ulipigiwa makofi hadi madirisha yakatikisika. Jamaa mmoja aliniuliza mbele ya watu wote, "Kwani wewe wataka bunduki ya nini? Wataka kuwa jambazi?" Darasa zima likaangua kicheko. Nilikosa la kujibu kwa sababu dakika zangu tatu zilikuwa zimekwisha. Pia, jambo nililotaka kulisema lilikuwa la kwetu nyumbani, na sikuwa nimemwomba baba ruhusa. Sasa nimemwomba naye amekubali. Kwa hivyo nitalisema hapa, na hakuna wa kunigongea kengele.

Nyinyi nyote mnajua vile Uthiru ilivyobadilika. Shamba linagawanywa kuwa ploti, na ploti inageuka nyumba za kupangisha za orofa nne au tano. Hata sisi mwaka jana tulianza kujenga katika kipande alichorithi nyanya yangu, ambaye kwetu tunamwita cucu. Vijana wa mjengo walikuwa wakichimba msingi karibu na ua wa zamani. Mara sururu ikagonga chuma. Walidhani ni bomba la maji, wakaanza kulaani kwamba sasa mtaa mzima utakosa maji. Kumbe halikuwa bomba la maji. Au niseme, lilikuwa bomba la maji lakini lilikuwa na kazi nyingine.

Lilikuwa limeviringishwa kwa gunia lililooza, na ndani ya gunia mlikuwa na mafuta meusi kama lami. Kipande cha ubao kilichochongwa kama kitako cha bunduki kilikuwa bado kimeshika upande mmoja, ingawa mchwa walikuwa wamekula sehemu kubwa. Nyuma ya bomba palikuwa na komeo la mlango, lile la kawaida la kusukuma na kuvuta. Mmoja wa vijana akasema, "Hii ni takataka, wacha niipeleke kwa watu wa vyuma vikuukuu." Cucu alikuwa amekaa kwenye kigoda akimenya viazi. Aliinuka, na mimi sijamwona akiinuka haraka hivyo kwa miaka mingi. Akasema, "Wacha. Hiyo ni ya baba."

Siku hiyo ndipo nilipojua kuwa babake cucu alikuwa katika Mau Mau, akashikwa, akapelekwa kambi ya Manyani, akarudi na kuishi miaka mingi bila kusema neno lolote kuhusu mambo hayo. Cucu alikuwa mtoto mdogo Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Anakumbuka tu babake akikata mpira wa ndani wa gurudumu la gari vipande vyembamba, naye akidhani anatengenezewa kamba ya kurukia.

Sasa tufanye nini na kitu hicho? Hapo ndipo taabu ilipoanzia. Baba ni mtu wa kuogopa sheria, na alikuwa na haki ya kuogopa. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka mwenye bunduki awe na cheti. Mtu akikukuta na mtutu ndani ya nyumba, utaanza vipi kumweleza kuwa ni kumbukumbu? Basi baba aliifunga kwa gazeti, tukaenda nayo pamoja hadi kituo kimoja cha polisi ambacho sitakitaja. Afande aliyekuwa mapokezi aliifungua, akacheka, akamwambia baba, "Mzee, umeniletea bomba la maji?" Baada ya kuelezwa aliacha kucheka. Akaichukua akaiweka pembeni, juu ya baiskeli mbovu. Hakuuliza ilikuwa ya nani, wala ilichimbuliwa wapi. Karatasi hatukupewa. Baba alipouliza itapelekwa wapi, alijibiwa, "Itachomwa na zingine."

Tukarudi nyumbani. Cucu aliuliza, "Wamesema nini?" Baba akajibu, "Wamesema asante." Huo ulikuwa uongo, nami nilinyamaza.

Hiki ndicho kisa kilichonifanya nipinge mada ile. Sasa tuingie katika hoja zenyewe.

Hoja yangu ya kwanza ni kwamba bunduki kuukuu zina historia, na historia hiyo inatuhusu sana sisi watu wa Afrika Mashariki. Wengi hudhani bunduki zilikuja huku pamoja na wakoloni tu. La hasha! Katika karne ya 19 majeshi ya Ulaya yalikuwa yakibadilisha silaha kila baada ya miaka michache. Gobori, ile ya kushindiliwa baruti kwa mdomo wa mtutu, ilitupwa ikaja bunduki ya kutiwa risasi kwa nyuma. Halafu hiyo nayo ikatupwa ikaja ya kubeba risasi kadhaa kwa pamoja. Zile zilizotupwa zilienda wapi? Hazikuyeyushwa. Ziliuzwa, na soko lake kubwa lilikuwa Unguja. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko, Euan-Smith, aliiandikia serikali yake kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Hebu fikiria! Zilibadilishwa kwa pembe za ndovu, na zikatumika kuwateka watu watumwa. Yaani makapi ya Ulaya yalikuwa msiba wetu.

Mwaka 1890 mataifa makubwa yalikutana Brussels yakakubaliana kuzuia biashara hiyo ya silaha. Walisema ni kwa ajili ya kukomesha utumwa, na huenda wengine walimaanisha hivyo. Lakini mwaka huo huo Lugard alifika hapa kwetu Dagoretti akafanya urafiki wa kiapo na Waiyaki wa Hinga, na kufikia mwaka 1892 Waiyaki alikuwa amekamatwa, akafa Kibwezi akiwa njiani kupelekwa pwani. Mwafrika alipozuiwa kununua bunduki nzuri, mwenye bunduki nzuri alibaki mmoja. Ethiopia haikuzuiwa, na matokeo yake mnayajua: tarehe 1 Machi 1896 Menelik aliwashinda Waitalia pale Adwa, na jeshi lake lilikuwa na maelfu ya bunduki zilizonunuliwa kutoka Ulaya, nyingi zikiwa za mitindo ambayo wenyewe walikuwa wameanza kuiacha.

Hata katika Vita Vikuu vya Kwanza ilikuwa hivyo. Askari wengi weusi wa jeshi la Wajerumani kule Tanganyika walianza vita mwaka 1914 na bunduki za Mauser za mtindo wa mwaka 1871. Zilibeba risasi moja moja, na zikilia zilitoa moshi mwingi uliomwonyesha adui mahali askari alipo. Waingereza waliposhindwa Tanga mwezi wa Novemba mwaka huo, waliacha nyuma mamia ya bunduki na risasi kama 600,000, na Wajerumani wakaziokota kwa furaha. Ukienda mjini, pale Kenyatta Avenue, kuna sanamu za ukumbusho wa vita hivyo. Mmoja wa watu hao watatu hana bunduki. Huyo ni mpagazi. Wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa, wengi kwa njaa na magonjwa, na jina la Kariakor ndilo lililobaki kutukumbusha kikosi chao. Hivi ni wangapi kati yetu hupita pale wakikimbilia matatu na hawajawahi kuinua macho?

Hoja yangu ya pili inahusu bunduki kama ile ya babake cucu. Bunduki ya kiwandani, tuseme ile ya Kiingereza ya 303 iitwayo Lee-Enfield, imepigwa mihuri. Ukiigeuza utasoma ilitengenezwa wapi na mwaka gani: Uingereza, au Ishapore kule India, au Lithgow kule Australia. Zilitengenezwa kwa mamilioni. Mkoloni alizitumia hapa, na hata miaka mingi baada ya Uhuru polisi wa akiba huko kaskazini walikuwa wakizibeba kulindia mifugo, wakiziita Mark Four. Moja ikipotea, ziko nyingine nyingi za kufanana nayo.

Lakini bunduki ya msituni haina muhuri wala nambari. Wapiganaji hawakuwa na kiwanda. Walivamia pale walipoweza, kama vile usiku wa tarehe 26 Machi 1953 walipovamia kituo cha polisi cha Naivasha wakachukua silaha na kuwafungulia wafungwa. Lakini bunduki za kunyakua hazikutosha. Fundi alichukua bomba la maji likawa mtutu. Komeo la mlango likawa nyundo ya kugonga risasi. Ukanda wa mpira wa gurudumu ndio uliovuta komeo mbele kwa nguvu. Wakati mwingine bomba lilipasuka likamjeruhi aliyeishika kuliko aliyelengwa. Na mnajua adhabu ya kupatikana nayo? Kunyongwa! Kupatikana na silaha, au hata risasi tu, lilikuwa kosa la kifo. Watu zaidi ya 1,000 walinyongwa wakati wa Hali ya Hatari. Dedan Kimathi mwenyewe hakushtakiwa kwa kuongoza vita. Alishtakiwa kwa kupatikana na bastola na risasi bila kibali, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Kwa hivyo kila bunduki ya bomba ni ya pekee. Mtu mmoja aliitengeneza kwa mikono yake akijua ikionekana atakufa. Ukiichoma, umechoma kitabu ambacho nakala yake haipo popote.

Hoja ya tatu. Wenzetu wa ng'ambo wanafanyaje? Marekani na Uingereza kuna watu ambao starehe yao ni kukusanya bunduki za zamani za kijeshi. Wanazinunua, wanasafisha grisi ya miaka 60 au 80, wanasoma mihuri, wanatafuta zilipigana vita gani, na mwisho wa juma wanakwenda nazo uwanjani kulenga shabaha. Walio makini hawafyatui ovyo: kwanza bunduki hupelekwa kwa fundi akapime kama risasi inakaa sawasawa na kama mtutu haujaliwa na kutu, kwa sababu chuma kizee kikishindwa kinapasuka karibu na jicho lako. Nimesoma pia kuwa katika miaka ya karibuni wafanyabiashara wa Marekani wamenunua marundo ya bunduki kuukuu kutoka Ethiopia, na wateja wanazigombania. Yaani zile zile tulizoletewa kama makapi, leo zinarudi kule kama lulu!

Hapa sasa rafiki zangu wengine huruka na kusema, "Basi nasi turuhusiwe kukusanya!" Hapana. Hapo mimi siungi mkono, na naomba nisieleweke vibaya. Napenda jinsi wakusanyaji wale wanavyosoma mihuri na kuuliza kila chuma kilitoka wapi. Tabia hiyo tuige. Lakini kuweka bunduki inayofyatua chini ya kitanda, hiyo tuwaachie. Rais Kennedy aliuawa Dallas mwaka 1963 kwa bunduki kuukuu ya jeshi la Italia, aina ya Carcano, iliyoagizwa kwa posta pamoja na darubini yake kwa dola 19 na senti 95 tu. Kwa jina la ukusanyaji, jambazi naye atajiita mkusanyaji. Na hapa kwetu majeraha bado ni mabichi. Mwezi wa Novemba 2012 kule Baragoi polisi zaidi ya 40 waliuawa na wezi wa mifugo wenye bunduki. Ukimwambia mjane wa askari yule kuwa bunduki ni kitu kizuri cha kale, atakutazama vipi? Mwenye cheti na apendaye shabaha aende kwenye uwanja unaokubaliwa, kama ule wa Kirigiti kule Kiambu. Sisi wengine tuzione nyuma ya kioo.

Sasa nije kwa hoja ya wapinzani wangu, maana ni lazima niwe mwungwana. Walisema kuchoma bunduki hadharani ni ishara ya amani. Ni kweli. Tarehe 15 Novemba 2016 serikali iliteketeza bunduki 5,250 pale Uhuru Gardens, na mwezi wa Juni 2021 zingine 5,144 kule Ngong. Nyingi zilikuwa silaha za wizi na ujambazi, nami nasema zichomwe, hata nikipewa kiberiti nitawasha mwenyewe. Lakini je, kabla ya moto kuna mtu wa historia anayelipekua rundo lile moja baada ya nyingine? Katika bunduki 5,000 hamwezi kukosa hata moja ya mwaka 1914, au ya bomba? Moto hauna macho. Kazi ya kutazama ni yetu.

Na msiniambie kuwa kuhifadhi bunduki hakuwezekani. Kule London, katika Makumbusho ya Jeshi la Taifa, kuna bunduki za kujitengenezea zilizochukuliwa kutoka kwa Mau Mau. Aliyetunyang'anya aliona zina maana, akaziandikia kadi. Sisi tuliozitengeneza tunaziweka juu ya baiskeli mbovu. Pale Kimathi Street tulimjengea shujaa sanamu mwaka 2007, miaka 50 kamili baada ya kunyongwa, na mkononi tukamwekea bunduki ya shaba. Jamani, tunaheshimu bunduki ya shaba na kuchoma ile ya kweli?

Hata sheria yetu ina pengo. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inalinda vitu vya kale vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895. Tena inalinda milango iliyochongwa kabla ya mwaka 1946, ile mizuri ya kule Lamu na Mombasa. Hongera kwa milango. Lakini bunduki ya mwaka 1953 haimo, mpaka waziri aitangaze. Kumbe komeo la bunduki yetu lingekuwa bado kwenye mlango wa nakshi, lingekuwa na mtetezi!

Kwa hayo yote, mapendekezo yangu ni matatu. Kwanza, kabla ya kila uteketezaji, mtaalamu wa makumbusho aitwe alipekue rundo, atoe moja ya kila aina ya zamani, na zote za kujitengenezea. Hizo zifishwe, yaani mtutu uzibwe kwa kuchomelewa na kipande cha kugonga risasi kiondolewe, zisiweze kufyatua tena. Pili, mtu anayesalimisha bunduki ya ukoo wake aulizwe ilikuwa ya nani, jibu liandikwe, naye apewe karatasi. Hilo halihitaji pesa. Kalamu tu. Tatu, waziri anayehusika azitangaze bunduki za kujitengenezea za vita vya Uhuru kuwa vitu vinavyolindwa na sheria. Na sisi wa chama hiki tusingoje serikali. Wazee wa Uthiru, Kabete na Kangemi waliokuwa watoto wakati ule sasa wana miaka 70 na zaidi. Likizo ijayo kila mmoja wetu akae na mzee mmoja, amuulize, aandike. Toleo lijalo la jarida hili litajaa.

Najua wahenga walisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Lakini mganga gani hutibu mgonjwa bila kumuuliza ugonjwa ulianza lini?

Nyumba ya kwetu sasa imefika orofa ya pili. Mahali bunduki ilipokuwa pamemwagwa zege. Juzi cucu aliniuliza kama wale watu wa kituoni waliandika jina la babake. Safari hii sikunyamaza. Nilimwambia, "La, cucu, hawakuliandika." Akatikisa kichwa, akasema, "Basi liandike wewe." Baba ameniomba jina hilo lisitokee katika jarida, nami nimetii. Lakini nimeliandika katika daftari langu la Historia, ukurasa wa kwanza, pamoja na bomba, komeo na ule ukanda wa mpira.

Kwa ndugu yangu aliyeniuliza nataka bunduki ya nini, jibu langu ndilo hilo. Tukirudia mjadala mwaka ujao, naomba mada ibadilishwe kidogo: "Silaha zote kuukuu zisomwe kabla ya kuteketezwa." Hapo tutaona nani atapigiwa makofi.



Mwanafunzi, Kidato cha Tatu